Sifa za Mchomoaji

Wavumilivu wamesifiwa vya kutosha. Leo ni zamu ya mchomoaji: yule aliyefanyiwa usaili mara tatu, akapata barua ya ofa, akaweka saini kila ukurasa, akashikana mkono na meneja mbele ya kamera, halafu siku mbili kabla ya kuripoti akatuma ujumbe unaoanza na "Habari za leo, samahani kwa usumbufu."

Ukoo wake ni wa heshima. Mkuu wa ukoo ni Marcelo Bielsa, kocha kutoka Argentina. Agosti 2015 Marseille yake ilifungwa bao 1-0 nyumbani na Caen, mechi ya kwanza ya ligi, naye akaenda kuzungumza na waandishi na kuwaambia anaondoka. Waliodhani hapo ndipo mwisho wa kipaji chake hawakumjua. Mwaka uliofuata Lazio ya Roma ilimtangaza kuwa kocha wake mpya Jumatano, Julai 6. Ijumaa, Julai 8, klabu hiyohiyo ikatangaza kuwa amejiuzulu. Alisema wachezaji alioahidiwa hawakusajiliwa. Lazio wakaanza kutaja mahakama. Mimi naitazama rekodi yake tu: hakufungwa, hakutoka sare, hakuzomewa na jukwaa hata mara moja. Nani mwingine ameifundisha Lazio akaondoka msafi namna hiyo?

Lakini utukufu wa kuchomoa hauonekani kwa aliyechomoa. Mtafute aliyekuwa wa pili kwenye orodha. Simone Inzaghi alikuwa ameishikilia Lazio kwa muda tangu Aprili, na kilichokuwa kikimsubiri ni Salernitana, timu ya daraja la pili. Bielsa akachomoa, Inzaghi akaitwa arudi. Akatwaa Kombe la Italia 2019, akahamia Inter, akabeba ubingwa wa ligi 2024, akafika fainali mbili za Ligi ya Mabingwa Ulaya. Yote hayo ni sadaka ya mzee wa siku mbili, na sijasikia kama alishukuriwa.

Hata maofisini kwetu sadaka hii hutolewa. Kuna msailiwa aliyeambiwa kwamba taarifa zake zitatunzwa kwenye kanzidata, na kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, anajua hiyo ni namna ya kumfukuza kwa adabu. Mchomoaji akituma ujumbe wake, kanzidata inafufuka. Simu inalia saa moja asubuhi: "Bado unapatikana?"

Wakali watasema anavunja neno lake. Ni kweli. Mwajiri naye hulivunja, ila lake lina jina zuri: mabadiliko ya bajeti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haimpi kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Nusu mwaka mzima unaonjwa kama mchuzi. Sheria hiyohiyo inataka notisi isiyopungua siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza, na siku 28 baadaye kwa anayelipwa kwa mwezi. Mchomoaji muungwana haisumbui sheria. Anaondoka kabla hajahesabiwa siku hata moja.

Wanaofaidi zaidi, ingawa hawatakiri, ni ndugu. Barua ya ofa haijakauka wino, mshahara umeshagawanywa. Kamati ya harusi ya binamu imempandisha kutoka laki moja hadi laki tano bila kumuuliza. Mjomba anakumbuka kiwanja kinachouzwa Kibaha, kinahitaji "kuongezewa kidogo tu". Mama ameshatoa sadaka ya shukrani, na jirani aliyekuwa haitikii salamu sasa anampeleka mwanawe kwake "umfanyie mpango, mwanangu". Hotuba gani ingewatuliza watu hawa? Ujumbe mmoja kwenye kundi la familia unatosha. Mjomba anaondoka kwenye kundi, anarudishwa na shangazi, anaondoka tena. Ahadi ya harusi inashuka hadi elfu hamsini, na binamu anajifunza kuwa hata ukumbi wa shule una viti.

Sijataja bado kazi ya zamani, na hapo ndipo ujasiri wake unapimwa. Jumatatu anaingia ofisini kama kawaida, akiwa na chai yake, kukaa kwenye meza ambayo wenzake wameshaanza kuigombania. Bosi anamtazama, anaitazama barua ya kuacha kazi ambayo bado hajaipeleka utumishi, anaifungia kwenye droo. Kwa bosi mambo yamekwisha. Mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana ndiye anayesimama mlangoni: kila mtu alichanga elfu kumi za kumuaga, saa ya ukutani imenunuliwa na jina lake limechongwa juu yake, na duka lile halipokei bidhaa iliyouzwa.