Fenicha Zimo

Mwenye nyumba wa Sinza kaamua kupangisha "na fenicha zake". Kaleta kochi lililomshinda shemeji yake; ukilikalia linakumeza hadi mabegani. Ukutani, pale unyevu ulipochora ramani ya Afrika, kabandika karatasi ya maua. Ramani ikatokeza tena, safari hii na Madagaska yake. Mezani kuna matunda ya plastiki, na embe moja lina alama za meno. Friji ipo, haijachomekwa, isije ikamaliza LUKU.

Dalali, ambaye kodi ya mwezi mmoja ni yake, anafungua mlango kwa madaha: "Dada, hapa unakuja na mswaki tu." Kodi ya miezi 6, kwa mkupuo.

Nikauliza maji ya kuswakia yanatoka siku gani. Akanionyesha pazia.