Mega za Kufungwa Mguu

Jumatatu asubuhi nilikuwa na mega mia tisa. Sijivuni, nataka tu ieleweke kwamba sikuamka maskini. Mpwa wangu aliye Kinshasa akanitumia kwenye WhatsApp anwani ya kufungua nione matokeo ya mtihani wa Serikali. Nikabonyeza. Simu ikanijibu, kwa Kifaransa cha heshima sana, kwamba sina kitu.

Nikaenda kwa kijana wa kabini, hapa kwetu Mangobo, chini ya mwavuli wake.

"Petit, mega zangu zimekwenda wapi?"

Akatazama. "Papa, ziko zote. Lakini hizi ni za WhatsApp, hazitoki nje."

"Nje wapi? Mimi nimebonyeza ndani ya WhatsApp!"

"Umebonyeza ndani, papa. Mlango ukafungukia nje."

Kumbe nilinunua kuku aliyefungwa mguu. Wangu ni wangu, ila adonoe palepale.

Sasa mimi nauliza. Nikipanda toleka kwenda soko kuu, kijana wa baiskeli anapiga bei kwa umbali, na kwa ukubwa wa tumbo langu. Hilo nimelikubali. Lakini hajapata kuniambia: "Sokoni nusu bei, kanisani bei mara mbili, na kwa shangazi yako sikufikishi, maana hajapatana na patron wangu." Angesema hivyo, Mangobo yote ingetoka kumzomea. Kwenye simu tunaambiwa hivyohivyo, tunasema merci na kuongeza inite.

Wasomi wamelipa jambo hili jina. Tim Wu, mwalimu wa sheria huko Marekani, alileta mwaka 2003 neno la mtandao usiopendelea: mbeba mzigo abebe, asichungulie kapu. India walilichukua kwa uzito. Facebook ilipowapelekea intaneti ya bure yenye milango ya kuhesabu, Februari 2016 msimamizi wao wa mawasiliano alipiga marufuku bei zinazobagua kati ya tovuti na tovuti. Walikataa cha bure! Mimi hata cha kulipia sikukikataa.

Wala msinikumbushe RAM, ile tozo ya dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, iliyokuwa ikikwanguliwa kwenye inite zetu mpaka ilipofutwa mwaka 2022.

Nisiwe mtovu wa shukrani, lakini. Usawa kamili wa mtandao tumewahi kuuona hapa Kongo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, intaneti ilikatwa nchi nzima, karibu siku ishirini. WhatsApp, Facebook, barua za maaskofu, video za ngoma: hakuna kilichopendelewa.

Kijana wa kabini akanihurumia. "Papa, chukua forfe ya usiku. Mega nyingi, zinakwenda popote. Kuanzia saa sita ya usiku mpaka saa kumi na moja."

Nikachukua. Saa nane nikaamka kama mwizi, nikajigonga kwenye ndoo, mke wangu akauliza ninakwenda wapi. "Kutumia mega," nikasema. Hakujibu, ila nilisikia alivyogeuka kitandani.

Mega zilikuwapo. Mtandao ulikuwapo. Simu ilibaki na asilimia mbili, kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda tangu jioni.