Halloween ya Ploti

Halloween huangukia 31 Oktoba. Kule Ireland taa zake zilichongwa kwenye turnipu kabla malenge hayajachukua nafasi yake kule Marekani. Mwiki ya Ruiru, nchini Kenya, malenge hayachongwi, huchemshwa yakaliwa kwa chai, na majani yake yakaingia kwenye mukimo. Mtoto wa miaka miwili huachiwa mbegu azihamishe kutoka kikombe hadi kikombe, mkubwa akikodoa macho, kwani safari ya mbegu hadi puani ni fupi mno. Mzimu wa kuigiza ni leso ya mama iliyotandazwa kichwani. Mchezo wa vivuli vya ukutani unahitaji tochi ya simu na giza. Giza huletwa bure, stima zikipotea. Kubisha milango kuomba peremende hakufundishwi: watoto wa ploti hubisha mwaka mzima, tena bila barakoa.