Msiitukane TV ya Chogo

TV ya chogo inasingiziwa mengi. Chomeka kijiti kipya cha intaneti au king'amuzi cha juzi, kioo kibaki cheusi, na sebule nzima itaigeukia: imechoka, imepitwa na wakati, ipelekwe kwa fundi. Mimi naitetea. Mkosaji mara nyingi ni kifaa kipya, au kile kilichowekwa katikati.

Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012, wapo waliodhani chogo zimekwisha. Hazikwisha. Ving'amuzi vilikuja na matundu matatu ya AV, la njano kwa picha, jekundu na jeupe kwa sauti, na watu wakaendelea kuangalia taarifa ya habari. Hata chogo zisizo na matundu hayo zilipata picha kutoka kwa baadhi ya ving'amuzi kupitia tundu la antena. Ugomvi ulianza pale watengenezaji walipobakiza HDMI peke yake, kitu ambacho TV ya kabla ya 2002 isingeweza kukijua hata ingetaka.

Hapo ndipo inapoingia konveta, shahidi wangu mkuu. Ziko aina mbili: moja hupokea HDMI ikatoa AV, nyingine hupokea AV ikatoa HDMI. Umbo ni lilelile, na tofauti imeandikwa kwa herufi ambazo sisimizi angehitaji miwani kuzisoma. Ukinunua isiyo yako, chomeka uchomoe mpaka usiku wa manane, haigeuki. Ukipata iliyo yako, inadai umeme kupitia waya wa USB, ambao kwa wakati huo unachaji simu ya shemeji. Umeme ukipatikana, picha inatokea bila rangi, na mjuzi wa nyumba anatangaza kwamba TV imekufa rangi. Haijafa. Pembeni mwa konveta nyingi kuna kiswichi cha PAL na NTSC. Afrika Mashariki tulifuata PAL, kiswichi kimekaa upande wa Wamarekani. Kisukume, rangi itarudi.

Watasema: kwa nini usumbufu wote huu, si mtu anunue bapa? Mwenye fedha na anunue. Nakiri pia kwamba kwenye maandishi chogo inashindwa: mistari ya picha ya PAL inayoonekana ni 576, kifaa kipya kinatoa 1080, hivyo menyu inafika kama vumbi. Picha ya 16 kwa 9 nayo ikibanwa kwenye kioo cha 4 kwa 3, beki mnene anarefuka na kukonda kuliko alivyokuwa siku anasajiliwa. Lakini goli linaonekana. Wengine wanalalamika kwamba chogo inakula umeme. Inakula, ila luku haielezi kwa nini kioo ni cheusi. Na zile programu za filamu zinazokataa kuonesha picha kupitia konveta kwa kuogopa wezi wa kunakili? Hapo TV haikuulizwa hata neno.

Basi kabla hamjamwita fundi, bonyezeni AV kwenye rimoti. Kama rimoti ilipotea zamani, kitufe chake kwenye TV nyingi kipo mbele, chini ya kioo, nyuma ya kile kifuniko kidogo ambacho hakuna aliyewahi kukifungua.