Asante ya Jumla

Kabla ya harusi, mweka hazina wa kamati alikujua kwa majina yako yote matatu. Asubuhi alikupigia, mchana akakukumbusha ahadi, usiku akabandika orodha kwenye kundi la WhatsApp: waliomaliza wana tiki ya kijani, wewe una deni. Ukatuma, na ya kutolea juu, ukapewa kadi ya singo. Harusi ikapita. Shukrani ikaja kwa mkupuo: “Ndugu wachangiaji, Mungu awabariki,” kisha kundi likafungwa. Usinung’unike. Mchango hudaiwa mtu mmoja mmoja. Asante hutolewa kwa jumla. Na siku ukipata tena ujumbe wenye jina lako kamili, usichangamke: mdogo wake bwana harusi naye amepata mchumba.