Shemeji Aliyegeuka Jiwe

Kazi kubwa ya fremu yangu hapa Igoma, kando ya barabara ya Musoma, huja kwa maneno mawili: "Mtoe huyu." Mlangoni nimeandika kopi, laminesheni na picha za pasipoti, lakini wanaoleta kopi ni wapita njia. Wateja wenyewe ni wale wanaoingia na simu mkononi, wanaipanua picha kwa vidole viwili, kisha wanamgonga mtu usoni kwa ukucha. Huyu. Hawaulizi kama inawezekana. Wanauliza kama wasubiri au wapitie sokoni kwanza.

Nawaambia wapitie sokoni, tena wasiharakishe, kwa sababu kompyuta haimjui mtu. Inajua rangi. Ile fimbo ya uchawi, ambayo wengi wanaiamini kwa jina lake tu, ukiigusisha kwenye nukta moja inazoa nukta zote za jirani zinazofanana nayo. Rangi hupimwa kuanzia 0 mpaka 255, na Photoshop ukiiacha ilivyokuja inavumilia tofauti ya 32. Thelathini na mbili si haba. Babu mmoja alitoka Kisesa kuja kupiga pasipoti, fomu yake ikidai bluu kwa nyuma. Ukuta wangu ni mweupe, nywele zake nyeupe pe. Tukasalimiana mwangaluka, akakaa, nikapiga, nikagusa ukuta. Fimbo ikauzoa ukuta, ikapanda kichwani, ikaja kusimama kwenye nyusi. Bluu ilipoingia, babu akawa na kipara cha bluu. Mjukuu wake alicheka hadi akatoka nje. Babu mwenyewe aliitazama skrini kwa utulivu, akauliza kama huko anakopelekwa kuna baridi, maana anaona tayari amevalishwa kofia.

Pasipoti ni kazi ndogo. Balaa liko kwenye sherehe. Photoshop iliingia sokoni mwaka 1990, na picha ambayo ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, waliitumia kuwaonyesha watu uwezo wake, John aliipiga Bora Bora mwaka 1987: mchumba wake, ameketi peke yake mchangani, ameipa kamera mgongo. Mtu mmoja, ufukwe mtupu! Hapo hata mimi fimbo ningeiamini. Hao ndugu hawakualikwa sendofu ya Mwanza wakaona mashangazi safu tatu, wote sare moja, kitambaa kimoja, fundi mmoja. Mguse shangazi mmoja begani, sisimizi wanawazunguka wote, halafu wanateremka hadi meza kuu, kwa kuwa mpambaji naye alinunua kwenye jora lilelile.

Sisimizi ni vile vistari vyeusi na vyeupe vinavyotembea kuzunguka ulichokichagua. Bill Atkinson aliviweka kwenye programu ya kuchorea ya MacPaint mwaka 1984, na wazo alilitoa kwenye tangazo la bia lenye maporomoko yaliyoonekana kama yanatiririka. Tangu nijue hilo nimemsamehe. Kitu kilichoanzia kwenye bia lazima kiyumbe.

Fimbo ikishindwa kuna kamba. Unabana mausi, unamzunguka mtu taratibu, na sharti lake ni moja: usiachie. Ukiachia, kamba inajifunga yenyewe kwa mstari ulionyooka kutoka ulipo hadi ulipoanzia, haijali umekata nini katikati. Sasa fikiria barabara ya Musoma. Lori la Sirari linapita, meza inatetemeka, masikio ya mtu yanaingia mawimbi. Unavuka hapo salama, umeshafika shingoni kwa mwanakwaya wa tatu, mtu anakushika bega: "Kaka, kopi bei gani?" Mwanakwaya kichwa kule, joho huku.

Tangu 2018 kuna kitufe kinachomtafuta mhusika wa picha chenyewe. Nilikipokea kwa shangwe, nikakipa picha ya harusi. Kikachagua ndafu. Sikilaumu sana. Ndafu yule alikuwa ameng'atishwa majani, amesimama katikati ya ukumbi, na kusema kweli macho ya waalikwa wote yalikuwa kwake.

Lakini kazi iliyonikondesha ni ya mama mmoja, nisimtaje hata mtaa. Bibi yao alikuwa anatimiza miaka themanini, bango likatakiwa, na picha pekee yenye karibu familia nzima ilikuwa ya harusi ya binti wa mama huyo, Capri Point, ziwa ubavuni, mawe nyuma. Ndoa ilishavunjika. "Mtoe huyu," na huyu ndiye bwana harusi.

Suti yake ya kijivu, na jiwe alilosimama mbele yake la kijivu. Nilipogusa koti, sisimizi wakampanda shemeji, wakalipanda jiwe, wakateremka upande wa pili. Nikafuta. Likaondoka jiwe zima, akaondoka shemeji kuanzia kola kwenda chini, na kipande cha Ziwa Victoria juu yake. Kichwa kikabaki kinatabasamu hewani. Ikabidi nishike kalamu, nukta kwa nukta, ukingo wa bega mpaka kisigino. Wasovieti waliwahi kumtoa Nikolai Yezhov kwenye picha aliyokuwa kando ya Stalin mferejini, wakajaza maji pale aliposimama, tena kwa mkono, bila kompyuta. Nawavulia kofia. Ila Yezhov hakuwa amemshika mtu kiuno.

Shemeji alipotoka, mkono ulibaki. Vidole vinne na pete, juu ya gauni la bi harusi. Kuuondoa kulihitaji gauni lililokuwa chini ya vidole hivyo, na hilo kamera haikuliona. Mama akatafakari kidogo. "Basi mrudishe mwili, umwekee kichwa cha kaka yake. Yuko Muscat, harusini hakuwepo."

"Mama, huyu ni dada yake. Na mkono uko pale."

"Wanapendana tangu utotoni."

Kichwa kikaja kwa WhatsApp, kimepigwa usiku ndani ya gari. Nikakipachika. Bango likatundikwa, bibi akafurahi, akasema mjukuu wake kanenepa. Mke wa huyo kaka, ambaye yuko hapahapa Mwanza, hakufurahi. Alitaka kujua suti ile imenunuliwa lini, maana kila akiomba ada ya watoto anaambiwa mambo ni magumu.

Mama aliporudi kumalizia nusu ya malipo, akaweka mezani pungufu. Mtu mmoja katoka, akasema, na bei ishuke. Nikamkumbusha kwamba mwingine kaingia.

"Kichwa tu," akasema. "Mwili ulikuwepo."