Majibu kwa Waliotatizwa na Meza ya Sabato

*Mume wangu hapendi zabibu. Kila Sabato nimwekeapo bakuli la lozi na zabibu, huzitoa zabibu moja moja akazitupa kando. Mama asema anaivunja siku. — Mke wa Yerusalemu*

Bibi, mama yako ni mwanachuoni. Katika zile kazi 39 zilizokatazwa siku ya Sabato, kama zilivyoorodheshwa katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sharia za Kiyahudi, kuchambua ni mojawapo, na Yosef Karo wa Safed, ambaye kitabu chake cha sharia, Shulchan Aruch, kilipigwa chapa Venice mwaka 1565, aliitengea mlango mzima. Wala sharia haitazami udogo wa zabibu bali mwenendo wa mkono, kwani atoaye kibaya akabakiza kizuri amechambua, ilhali atwaaye kizuri akakiacha kibaya mahali pake, kwa mkono mtupu pasi na ungo wala chekeche, tena kwa kula saa ile ile na si kwa kuwekea jioni, huyo anakula tu kama walavyo watu. Na vyakula vikiwa viwili, kizuri ni kile mlaji akitakacho sasa. Basi mumeo na atwae lozi, zabibu aziache na ukiwa wao.

*Baba mkwe hataki samaki mwenye miiba siku ya Sabato, kisha hulalamika njaa. — Mkaza mwana*

Mayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikwisha kukuhangaikia. Ijumaa, jua lingali juu, mtoe samaki miiba yote, umponde na vitunguu na mayai, umfinyange madonge, umchemshe, na kesho yake umwandalie baridi, kila donge na kipande chake cha karoti juu. Ndiyo gefilte, na hofu ya kuchambua hutajwa kuwa mojawapo ya sababu za kupendwa kwake. Wapo wanazuoni walioruhusu mwiba utolewe mezani wakati wa kula, lakini mkweo, kwa nionavyo, si mtu wa rukhsa.

*Mume wangu adai sharia yamkataza kunisaidia vyombo. — Nimechoka*

Amesema nusu. Kutenga uma, visu na vijiko vilivyochanganyika ili virudi kabatini ni kuchambua, na hilo na lingoje Jumamosi usiku. Lakini kuosha vyombo vitakavyotumika tena Sabato ile ile ni halali, na milo ya Sabato ni mitatu. Baada ya mlo wa kwanza na wa pili, bwana huyo hana udhuru.